Betri Imekwisha

Jumatatu, 3 Machi

Tangazo limebandikwa. Mtihani wa marudio, somo la Uchambuzi, Jumamosi tarehe 22, saa tatu asubuhi, ukumbi mkubwa. Jina langu ni la nne kutoka chini. Mbele yake wameandika "jaribio la tatu", tena kwa wino mwekundu, kana kwamba sisi wenyewe hatujui kuhesabu mpaka tatu.

La tatu ndilo la mwisho. Ukianguka wanakufuta. Miaka sita ya kusoma kwa masafa inakwenda na maji machafu, na mimi nabaki hapa hapa kwenye dobi la hospitali nikikunja mashuka mpaka nizeeke. Mwalimu mkuu wa ile shule ya wasichana ameniambia wazi: nafasi ya hesabu ananishikia mpaka matokeo yatoke, si siku moja zaidi.

Naogopa. Naliandika hapa kwa sababu hapa ndipo pekee ninapoweza kulisema. Nyumbani nasema niko sawa. Kazini nasema tutaona. Ukweli ni kwamba leo nimekunja shuka moja mara tatu nikidhani ni matatu.

Kinachoniangusha ni kitu kimoja tu: mifululizo isiyo na mwisho. Unapewa namba, unajumlisha, unaongeza nyingine ndogo, na nyingine ndogo zaidi, milele — halafu unaulizwa, jumla itatulia mahali pamoja au itakimbia? Wenzangu wanasema "kukonvaji". Mimi nasema kutulia, nasikia vizuri zaidi. Mara zote mbili nilitoka ukumbini nikijua nimefanya vizuri. Mara zote mbili nikaanguka! Karatasi hazirudishwi, kwa hiyo sijui nilipokosea. Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko yote.

Mhadhiri wetu, Daktari, nilimkuta kwenye ngazi. Alisema bila kusimama kwamba dawa ya mifululizo ni maswali, maswali, na maswali tena. Nikauliza yanapatikana wapi. Alikuwa ameshafika ghorofa ya pili.

Jumanne, 4 Machi

Maktaba kabla ya zamu. Bibi Maktaba alikuwa na miwani miwili, mmoja usoni mmoja kichwani, na anatafuta wa tatu. Akanitolea vitabu vitatu. Cha kwanza hakina mifululizo. Cha pili kinayo, ila majibu hakuna. Cha tatu kina majibu — kilikuwa nayo! Kurasa za mwisho zimechanwa, tena kwa rula, mstari umenyooka. Mtu makini. Mungu amsamehe, mimi bado.

Kuna cha nne, anasema, kitabu kikuukuu chenye maswali na majibu yake yote, lakini kimeazimwa mpaka wiki ijayo. Ameandika jina langu kwenye foleni. Ni mimi peke yangu kwenye foleni.

Mchana nilijaribu simu, nimejibanza chumba cha kukaushia. Mwalimu wa kwenye video anaandika kwa mkono wa kushoto, mkono unafunika anachoandika, akiusogeza ameshafuta. Tovuti nyingine ina maswali mazuri kabisa, lakini jibu halifunguki mpaka ujisajili, na ukijisajili wanatuma namba ya siri kwenye baruapepe ambayo niliisahau zamani. Msimamizi akapita, akauliza nimepotelea wapi, mashuka ya wodi ya wazazi yanasubiri rola ya kunyooshea. Nikasema nakuja.

Swali bila jibu ni la nini? Nitajuaje kama nimepatia? Daftari langu la mwaka wa kwanza lingenifaa sana. Niliyafanya maswali tele, kila alfajiri kabla watoto hawajaamka, na majibu yake, na nilikuwa sina wasiwasi hata chembe. Nililiazimisha kwa kijana mmoja tuliyesoma naye, akahama chuo, nalo likahama.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata!

Nyuma ya chuo kuna duka la fotokopi. Mwenyewe tunamwita Mzee Kopi. Nilikwenda kutoa kopi ya kitambulisho, nikanung'unika kidogo kuhusu mifululizo, akainama chini ya meza akaibuka na kijitabu chenye jalada la kijani: "Mifululizo: Maswali Sitini na Majibu Yake". Kimepigwa chapa. Hakina jina la mwandishi. Anasema mwaka wa tano huu anakitoa, hakikai dukani, ndicho kinachowavusha watu.

Nimechukua vitatu, kimoja changu na viwili vya kikundi. Nimekipapasa njia nzima. Leo nimekunja mashuka huku naimba, mpaka Msimamizi akauliza kama nimepandishwa cheo.

Jumamosi, 8 Machi

Kikundi. Tunakutana kwenye chekechea ya shangazi yake Karani, kwenye viti vya watoto. Afande akikaa, magoti yanamfikia masikioni. Hakuna anayemcheka, maana sote tuko hivyo hivyo.

Tuko watatu. Karani ni binti wa mahakamani, ndiyo kwanza anarudia, bado ana nafasi ya kuringa. Afande ni askari magereza, anastaafu Juni, na yeye ni kama mimi: la tatu, la mwisho. Huko gerezani amewafundisha wafungwa thelathini hesabu mpaka walipofika mahali ambapo bila cheti haruhusiwi kuendelea nao. "Wananisubiri," alisema, "na wao hawana pa kwenda." Tukacheka. Yeye hakucheka sana.

Nikagawa vijitabu kwa madaha. Afande akatabasamu, akanirudishia chake. Anacho! Akakitoa mfukoni, kimechakaa, amekivisha plastiki, kila ukurasa una mistari ya kalamu nyekundu. Amekitumia kwa mitihani yote miwili. Amekihifadhi kichwani, anasema, alichokosa ni bahati tu.

Tukaanza la kumi na nne. Moja, jumlisha nusu, jumlisha theluthi, jumlisha robo, na kuendelea bila mwisho. Jibu la kijitabu: "Unatulia, takriban 5.19. Betri imekwisha." Karani akauliza hiyo betri ni kitu gani. Afande akaeleza kwa upole kwamba ni istilahi: maana yake vipande vimeishiwa nguvu, haviwezi tena kuisogeza jumla. Ameiandika mtihanini mara zote mbili. Karani akainakili na kuipigia mstari. Nami nikainakili. Ilinikaa vizuri mdomoni, sijui kwa nini.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka alfajiri nikafanya la kumi mpaka la ishirini na moja bila kuchungulia. Kisha nikafungua majibu.

Kumi na mbili kati ya kumi na mbili!

Nilitaka kumwamsha baba watoto. Nikanyanyuka kabisa kitini. Halafu nikakaa tena.

Kama najua hivi — kwa nini nilianguka mara mbili?

Jumatano, 12 Machi

Kitabu cha nne kimerudi. Bibi Maktaba alinipigia simu mwenyewe, akaninong'oneza kana kwamba ananiuzia magendo.

Nimekifungua kwenye benchi la nje. Swali lile lile, moja na nusu na theluthi na robo. Jibu nyuma ya kitabu: hautulii. Unakimbia bila kikomo.

Nikadhani ni kosa la uchapaji. Nikatafuta jingine linalofanana na la kijitabu, lile la vipeuo vya pili. Hautulii. Jingine. Hautulii. Nimekuta manne yanayopingana na kijitabu na nikaacha kutafuta.

Vipande vinapungua mpaka vinakaribia sifuri. Sasa jumla itakimbiaje? Inakimbia na nini? Siku zote mimi nimeamini hivyo: vipande vikiisha nguvu, jumla inatulia. Naliamini kama ninavyoamini sakafu.

Nikamwambia baba watoto kwamba vitabu viwili havipatani. Alikuwa amelala chini ya friji la jirani, anatengeneza. Akasema tupige kura, watoto nao wapige. Nikatoka. Akanifuata mpaka uani, kinywani ana skrubu, akaniomba radhi. Nikasema niko sawa.

Alhamisi, 13 Machi

Mtunza stoo aliniachia kompyuta yake wakati wa chakula. Nikaingiza namba kwenye jedwali: safu moja vipande, safu ya pili jumla. Nikavuta chini.

Mia moja: 5.187. Moyo ukatulia. Hiyo hapo, 5.19, kijitabu kiko sahihi.

Nikavuta mpaka elfu moja. 7.485.

Elfu kumi. 9.788.

Nilikaa nikaitazama ile namba mpaka mtunza stoo akarudi na kusema chakula changu kimepoa. Haitulii. Inatambaa polepole, lakini haisimami. Kijitabu kimeishia mia na kutangaza habari imekwisha.

Nani anaishia mia?

Ijumaa, 14 Machi

Kitabu kikuukuu kinaeleza kwa mistari sita tu. Theluthi na robo, ukizijumlisha, zinazidi nusu. Vipande vinne vinavyofuata navyo vinazidi nusu. Vinane vinavyofuata, nusu tena na zaidi. Kumi na sita, nusu tena. Kila kifungu kinaleta nusu nyingine, bila mwisho. Sasa itatuliaje?

Nimelielewa kwenye rola. Shuka ukilikunja nusu, na nusu ya nusu, na nusu ya hiyo, vipande vyote ukivirudisha ni lile lile shuka moja, halizidi. Huo unatulia. Lakini zamu ikiletewa nusu shuka, kisha nusu shuka, kisha nusu shuka, hata kama kila nusu imeraruka vitambaa vidogo namna gani, siku moja chumba kitajaa mpaka darini. Vipande kuwa vidogo hakutoshi! Lazima vipungue upesi vya kutosha. Miaka sita, na leo ndiyo naelewa, nimeshika shuka la wodi ya watoto, machozi yananitoka. Msimamizi akadhani ni dawa ya madoa, akanipa maji nioshe macho.

Nimekipitia kijitabu chote. Kati ya sitini, kumi na moja ni makosa, na yote ni kosa lile lile. Langu. Niliandika hivyo hivyo mtihanini mara mbili.

Siku nane zimebaki. Lakini sasa najua. Naogopa nikijua, ni afadhali.

Jumamosi, 15 Machi

Nimewaeleza. Nilichukua vitambaa vya stoo, nikawaonyesha nusu kwa nusu juu ya meza ya chekechea. Karani akaelewa kabla sijamaliza, akaanza kufuta daftarini kwake kwa hasira.

Afande hakufuta. Alisikiliza mpaka mwisho kwa heshima, mikono magotini. Nikamwonyesha kitabu kikuukuu. Akasema cha zamani sana hicho, siku hizi hesabu zimebadilika. Nikamwambia kuhusu kompyuta, 9.788. Akasema kompyuta za hospitali anazifahamu, zilimwandikia mke wake ujauzito akiwa na miaka sitini. Karani akacheka. Mimi nilishindwa kucheka.

Kisha akakigonga kijitabu chake kwa kidole, polepole. "Dada yangu, usinielewe vibaya. Aliyeandika hiki alifaulu. Mimi na wewe ni watu tulioanguka."

Nikakusanya vitambaa vyangu. Amesema kweli.

Jumapili, 16 Machi

Nataka niandike kwa utaratibu.

Baba watoto alikuwa anapekua droo ya jikoni, anatafuta bisibisi ndogo. Akaibuka na kikokotoo cha zamani, kile ambacho kitufe cha jumla kiliungua na pasi. Akacheka. Akasema, hiki nacho bado tunacho? Siku kilipozimika ulininunia mpaka jioni.

Nikauliza siku gani. Akashangaa nimesahau. Mwaka wa kwanza, anasema, alfajiri moja. Nilikuwa najumlisha namba moja baada ya nyingine, nazisoma kwa sauti, na nilipofika ya mia moja kikazimika. Kumbe betri nzima alikuwa amezichukua yeye, akaweka kwenye saa ya ukutani. Nikamwambia kosa lake litabaki kwenye kumbukumbu. Nikaliandika kwenye daftari mbele yake, pembeni ya swali, aone.

Nililiandika vipi, nikamuuliza. Ingawa nilishajua.

"Betri imekwisha," akasema.

Nilikaa chini. Sakafuni kabisa, kati ya jiko na beseni.

Daftari nililoazimisha. Yule kijana aliyehama. Mtu fulani amelipiga chapa neno kwa neno, hata manung'uniko ya pembeni. Kijitabu cha kijani ni mimi. Ndiyo maana nilipata kumi na mbili kati ya kumi na mbili — nilikuwa nasahihisha ujinga wangu kwa ujinga wangu!

Baba watoto alicheka mwanzoni. Aliponiona uso akaacha, akakaa chini pamoja nami. Akasema basi si uwaambie tu. Nikamwambia ni rahisi kwake kusema, yeye aliiba betri tu. Mimi kuna mtu amenisoma mara mbili, akaanguka mara mbili, na bado ananivisha plastiki.

Jumanne, 18 Machi

Nilikwenda kwa Mzee Kopi, nikajifanya sina shida. Nikauliza kijitabu kilitoka wapi. Akakumbuka vizuri: kijana mmoja alileta daftari, binti wa chapa akalipiga siku mbili. Akatoa boksi chini ya meza, akapekua, akaliweka mbele yangu. Jalada la bluu. Kona imelowa maji ya sabuni na kukauka. Mwandiko wangu, saba zangu zenye mkia. Sikuligusa.

Nikamwambia nasikia lina makosa, asitoe tena. Akaniangalia kwa huruma. Akanionyesha rundo la kijani ukutani, amelitoa jana kwa ajili ya mtihani wa Jumamosi, na nusu limeshaondoka. Akasema yeye hana elimu ya kubishana na kitabu. Mwenye daftari akija akasema mwenyewe limekosewa, ataacha siku hiyo hiyo.

Alikuwa ananitazama. Daftari lipo kati yetu. Ilikuwa ni kusema maneno mawili tu, "ni langu".

Nikamshukuru nikatoka. Sijawahi kutembea haraka hivyo bila kufukuzwa.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Afande mara tatu. Mara mbili nikakata kabla haijaita. Mara ya tatu akapokea, sauti ile nzito, nyuma yake mlango wa chuma unafungwa. Nikamuuliza hali ya nyumbani. Akasema salama. Nikamuuliza hali ya kazini. Salama. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nilitaka tu kujua kama anasoma. Akasema anasoma, yuko kwenye la kumi na nne, ameambiwa na mtu kwamba halikosi kutokea. Kisha akasema nisikasirike kwa yale ya Jumamosi, hakukusudia kunivunja moyo, nami nitafaulu inshallah.

Yeye ananiombea mimi!

Alhamisi, 20 Machi

Kwenye kitabu kikuukuu nimefanya maswali ishirini na nane, nimepata ishirini na sita. Mawili nayajua nilipoteleza. Sasa hivi mtihani hauniogopeshi tena sana. Nimebadilishiwa woga tu, kama anayebadilishiwa wodi.

Nikimwambia, atajua nani amemwangusha. Siku mbili kabla ya mtihani. Si ndiyo nitamvuruga kabisa? Hivyo najiambia. Najua pia kwamba huo ni uongo mtamu. Nisipomwambia ataandika "betri imekwisha" kwa mara ya tatu, atastaafu Juni, na wale thelathini watabaki walipo.

Na nikimwambia, atawaambia wengine. Habari itafika kwa mwalimu mkuu: huyu unayemshikia nafasi ya hesabu ndiye aliyekosesha chuo kizima miaka mitano. Nani atanipa darasa?

Naogopa. Nimeliandika neno hili mara nyingi mpaka limepauka.

Ijumaa, 21 Machi

Shoga yangu wa kwenye rola ameniambia nijikaze kisabuni. Hajui ni kwa nini. Tumekunja mashuka mia nne.

Kalamu mbili. Kitambulisho. Rula. Kikokotoo — betri mpya, baba watoto ameziweka mwenyewe, ameziangalia mara mbili, hajasema kitu.

Jumamosi, 22 Machi

Saa mbili na dakika tano. Nje ya ukumbi mkubwa, ngazi ya tatu. Nimewahi kupita kiasi. Naandika ili mikono iwe na kazi.

Karani amefika, anatafuna kucha. Watu wanaingia getini kwa makundi. Wengi siwajui, vijana wa mwaka wa pili na wa tatu. Wengine wamekaa chini kando ya ukuta, wanapitia mara ya mwisho.

Saa mbili na dakika kumi na mbili. Afande yule pale, amekaa karibu na bomba la maji. Amenyoosha shati, viatu vinang'aa kama anakwenda gwaride. Anasoma midomo ikitikisika. Plastiki inametameta kwenye jua.

Nakwenda. Nikirudi nitaandika.

Saa mbili na dakika ishirini na tatu. Nimemwambia. Nimesimama mbele yake nikasema yote bila kupumua: daftari, kikokotoo, ya mia moja, betri za saa ya ukutani. Nikasema kijitabu hiki ni mimi, na mimi nilikuwa sijui.

Hakunikatiza. Alikifunga kijitabu. Akakiweka juu ya goti, akailainisha plastiki kwa kiganja kama mtu anayemlaza mtoto.

"Mara mbili," akasema.

Nikasubiri anitukane. Ningeshukuru. Kisha akakifungua tena, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akanipa. Akaniambia nimwonyeshe yote.

Yako kumi na moja. Tumekaa ngazini. Nazungushia swali, namwambia kwa nini linakimbia, yeye anaandika pembeni kwa herufi zake za kiaskari. Anaandika taratibu, ndiyo maana napata nafasi ya mistari hii. La kumi na nne tumemaliza. Aliuliza nusu nyingine inatoka wapi, nikamwonyesha vifungu, akasema, "Kumbe." Tuko kwenye la thelathini na mbili.

Saa mbili na dakika thelathini na nane. Tumemaliza kumi na moja. Msimamizi wa mtihani ameonekana dirishani, anapanga karatasi.

Afande amenirudishia kalamu niliyomwazima aandikie. Akaniuliza swali moja, kwa sauti ya chini: na hawa wengine?

Nikainua macho. Sijui kwa nini sikuona mapema. Pale ukutani, kijani. Kwenye bomba, wawili, kijani. Binti aliyejifunika kitenge, kijani, anahesabu kwa vidole. Chini ya dirisha wanne wanasomeana kwa sauti na nimesikia mmoja anasema neno betri. Nimehesabu kumi na saba nikaacha.

Nikamwambia Afande siwezi. Nikamwambia kuna mwalimu mkuu, kuna nafasi, kuna watu hapa watakaonikumbuka maisha yangu yote. Nikamwambia aseme yeye. Akatikisa kichwa. Akasema watamjibu kama alivyonijibu mimi Jumamosi ile: aliyeandika alifaulu, wewe ni mtu uliyeanguka.

Sasa amesimama. Amevuta pumzi. Ametoa ile sauti yake ya kuhesabia wafungwa — "Sikilizeni!" — uwanja mzima umenyamaza, hata dirishani wamegeuka. Amerudi nyuma hatua moja, amenipisha. Wote wananitazama, vijitabu wazi mikononi, nami nimesimama ngazi ya tatu nimeinamia daftari hili naandika, naandika, kwa sababu nikiacha kuandika itabidi nifungue mdomo